Nimekuuliza kilo, unanijibu kebo

Korosho inanyauka, hilo huku kwetu hata mtoto analijua. Unaipima leo kijijini, unaipeleka ghala kuu, ikikaa wiki mbili tatu inapungua kidogo, ndo unyaufu huo, na kila msimu una ugomvi wake wa unyaufu. Sasa msimu wa kwanza niliofunga programu yangu ya kuandika kilo na kuchapa risiti kwenye AMCOS moja, yani chama cha ushirika cha wakulima, huko Tandahimba, Mtwara, korosho zilifanya kitu ambacho sijawahi kukisikia tangu nizaliwe. Zilinenepa. Lori la kwanza limefika ghala kuu na gunia kama 400 hivi, wamepima, kilo zimezidi za kwenye risiti zetu karibu 200. Yani ile barabara ya vumbi imezilisha korosho.

Meneja akanipigia saa mbili usiku, mi nipo zangu Chikongola, Mtwara mjini, nakula. Hana salamu ndefu. "Kijana, korosho inanyauka, haijawahi kunenepa. Hizo kilo mia mbili ni za nani?"

Nikaanza kujieleza. Nikamwambia mzee unajua ule mzani mpya mliouleta baada ya ule wa mwanzo kufa, ule unatuma maandishi kupitia kebo, na maandishi yake ni marefu kidogo kuliko ya ule wa zamani, kwaiyo pale programu inapoanza kukata kutoka herufi ya nane... Akanikatisha. "Mimi nimekuuliza kilo, wewe unanijibu kebo." Akakata simu.

Alikua na haki kabisa. Na bila kujua alikua ameshanipa somo lote ambalo watu wanaotengeneza lugha za kompyuta wamelizungukia kwa miaka hamsini, ila mi usiku ule nilichosikia ni matusi tu.

Ngoja nieleze kilichotokea maana ni kitu kidogo cha aibu. Mzani wa kidijitali ukiuchomeka kwenye kompyuta unatuma mstari wa maandishi kila baada ya muda. Ule wa kwanza ulikua unatuma hivi: ST,GS,+0081.40kg. ST maana yake mzani umetulia, GS maana yake uzito jumla pamoja na gunia lake, alafu namba yenyewe. Mi nikaona mstari hauna shida, urefu wake haubadiliki, nikaandika kwenye Python, lugha ya kompyuta: chukua herufi ya nane mpaka ya kumi na nne, geuza iwe namba. Inakuja 81.40, safi kabisa. Mzani mpya ukaja wa kampuni nyingine, unatuma hivi: ST,GS,+000081.40kg. Sifuri mbili zimeongezeka mbele, basi. Hesabu mwenyewe uone: ukikata herufi zilezile unapata 000081. na nukta yake mwishoni, na Python haioni tatizo lolote hapo, inakuambia hii ni 81. Hakuna kosa lililotokea kwenye skrini. Kila gunia likawa linanyolewa pointi zake. Wastani wa nusu kilo kila gunia, gunia 400, ndo hizo kilo 200, na ukizipigia hata elfu tatu tu kwa kilo unapata laki sita, na sio laki sita ya chama, ni ya wakulima, huyu nusu kilo, yule nusu kilo.

Kesho yake nikapanda gari la alfajiri kwenda huko. Nikadhani ni kazi ya dakika tano, nabadilisha ule mstari mmoja. Nikatafuta kwenye kodi (kodi ya kompyuta, sio ya mwenye nyumba). Ulikua sehemu 38. Kwenye kuchapa risiti nilikata herufi ya nane mpaka ya kumi na nne, kwenye kuhifadhi nilikata, kwenye kujumlisha siku nilikata, kwenye kulinganisha na hati ya ghala nilikata tena kwa sababu kuna mahali nilihifadhi mstari mzima kama ulivyotoka kwenye mzani nikasema nitaukata nikiuhitaji. Nikabadilisha 37. Huo mmoja uliobaki ulikua kwenye ripoti ya wiki, na mtunza ghala aliuona kabla yangu, na hilo nalo lina hadithi yake ila niliache.

Baadae sana ndo nikaja kujua kwamba kosa langu lina umri. Mwaka 1972 jamaa mmoja anaitwa David Parnas, wakati huo alikua chuo cha Carnegie Mellon kule Marekani, aliandika makala fupi kuhusu namna ya kugawa programu vipande vipande. Alichukua programu ndogo tu ya kutengeneza faharasa, akaigawa mara mbili. Mgawanyo wa kwanza ulifuata hatua za kazi: soma mistari, zungusha maneno, panga kwa alfabeti, chapa. Wa pili ulifuata siri. Kila kipande kinaficha uamuzi mmoja ambao unaweza kubadilika kesho, kwa mfano mistari inahifadhiwaje kwenye kumbukumbu, na vipande vingine haviruhusiwi kujua. Programu zote mbili zinafanya kazi ileile. Ila ukibadilisha namna ya kuhifadhi, ile ya kwanza unagusa karibu kila kipande, ya pili unagusa kimoja.

Mi nilikua nimeandika ile ya kwanza. Pima, andika, chapa, jumlisha, faili moja kwa kila hatua, nikajiona nimepanga vizuri. Na kila faili ilijua sifuri za mzani ziko ngapi.

Kinachoniuma ni kwamba mfano nilikua naishi nao. Mtu wa Mtwara hahitaji Parnas kuelewa hili jambo, anahitaji kuutazama tu mfumo wa stakabadhi ghalani. Ulianza kwenye korosho huku msimu wa 2007/08, na wazo lake ni kwamba mnunuzi mnadani hanunui gunia, ananunua karatasi. Karatasi inasema kilo kadhaa, daraja fulani, ghala fulani. Gunia zimepangwaje ndani ya ghala, nani alizibeba, mkulima alizianika juu ya turubai au juu ya jamvi, hayamhusu. Mwenye ghala akitaka kuhamisha gunia zote kutoka ukuta wa kushoto kwenda wa kulia anahamisha, karatasi haibadiliki. Hiyo karatasi ndo intafesi, yani ile sehemu ya nje ambayo wengine wanaitumia bila kujua ya ndani. Ghala ndo utekelezaji, yani kazi yenyewe ya ndani, mi naita utumbo, japo najua kwa lugha ya mtaani utumbo ni kitu kingine, na kodi yangu ya msimu ule ilistahili maana zote mbili.

Na kangomba je? Yule anayepita nyumbani kwa mkulima na bakuli lake usiku ananunua korosho kabla hazijafika chama, bila mzani, bila karatasi, bei ya kutupa. Huyo ni mtu anayeingia kwenye utumbo moja kwa moja bila kupita kwenye intafesi. Kila mtu ana sababu ya kumuuzia, mtoto anaumwa, ada imefika, na kila mtu anajua mwisho wake. Zile sehemu 38 zangu zilikua kangomba 38. Kila moja iliingia kwenye mstari wa mzani na bakuli lake kwa sababu siku ile nilikua na haraka.

Sasa swali langu likawa, lugha yenyewe ilikua wapi? Mbona haikunizuia?

Hapo nikakumbuka chuo. Tulianza na lugha ya Pascal, zile za familia ya Turbo Pascal na Delphi, na kwenye Pascal hizo ukifungua yuniti mpya, yani faili ya kipande kimoja cha programu, unakuta maneno mawili yameshaandikwa: interface juu, implementation chini. Turbo Pascal ilikua hivyo tangu toleo la nne, 1987. Juu unaandika majina tu, hii fankisheni (kipande cha kodi chenye jina na kazi yake) inaitwa hivi, inapokea hiki inarudisha kile. Chini ndo unaandika kazi yenyewe, na kitu kilichotajwa chini tu hakionekani nje, kompaila, ile programu inayogeuza kodi iwe lugha ya mashine, inakataa kabisa. Miaka miwili nimeandika hayo maneno mawili kila siku kama mtu anayesaini fomu ya mkopo bila kusoma. Mwalimu alisema weka hapa, nikaweka hapa. Hakuna aliyetuambia kwamba huo mstari katikati ni ukuta wa ghala.

Wazo hilo Niklaus Wirth, Mswisi aliyetengeneza Pascal yenyewe, alikua ameshalipeleka mbali zaidi kwenye lugha yake nyingine, Modula-2. Kule zinakua faili mbili kabisa, moja ya kutangaza na nyingine ya kutekeleza, na anayetumia moduli yako anaweza kuandika kazi yake yote kwa kutegemea ile ya kwanza hata kama ya pili bado hujaiandika. Lugha inayoitwa Ada nayo ikafanya hivyohivyo. Lugha ya OCaml mpaka leo ina faili ya .mli pembeni ya .ml. Alafu cha ajabu, Wirth huyohuyo alipokuja kwenye lugha yake ya Oberon akaunganisha tena, faili moja, unachotaka kionekane nje unakiwekea kinyota. Nilipokisoma hicho nilicheka, maana hata mwenye wazo alichoka kuandika kitu mara mbili. Na kweli inachosha. Ukibadilisha jina huku unakwenda kubadilisha kule, na siku ukisahau kompaila inakusema.

Lugha ya C ina faili za .h, ambazo ni heshima tu, unaahidi kwenye moja unatekeleza kwenye nyingine. C++, ndugu yake C, ndo iliniacha hoi: unasema hiki ni cha siri, private, lakini unatakiwa ukiandike kwenye faili ileile ya tangazo inayosomwa na kila mtu, kwa sababu kompaila inataka kujua kitu chako kina ukubwa gani kwenye kumbukumbu. Ukiongeza siri moja, wote wanaokutumia wanakompailiwa upya. Ni kama uandike kwenye stakabadhi "humu ndani kuna panya wawili, tafadhali msiwaangalie".

Na Python, niliyoitumia? Python ni nyumba yenye pazia mlangoni. Ukitaka kuonyesha kitu ni cha ndani unaanza jina lake na mstari wa chini, na wote tunakubaliana kutoingia. Mikindani nimekulia nyumba za pazia, mlango wazi mchana kutwa, na hakuna mtu anaingia bila hodi, adabu inatosha. Sina ugomvi na pazia. Lakini Novemba, foleni ya wakulima inatoka mlangoni mpaka kwenye mwembe, umeme umekata umerudi, karani anakuita, hapo adabu inaisha na mtu wa kwanza kupita chini ya pazia ni wewe mwenyewe mwenye nyumba.

Kwaiyo baada ya msimu, mwezi Machi, mvua zinanyesha, kazi hakuna, nikaiandika upya yote kwa lugha nyingine, Go. Sababu ya kuchagua Go haikua ya kitaalamu sana, nilitaka faili moja ya kupeleka kwenye ile kompyuta ya chama bila kuhangaika kufunga vitu. Lakini kwenye intafesi ina tabia moja nzuri. Kwenye lugha ya Java unatakiwa useme wazi kipande hiki cha kodi (klasi) kinatekeleza intafesi ile. Go hausemi. Anayehitaji ndo anaandika anachohitaji, na chochote chenye fankisheni hizo kinakubalika, hata kama aliyekiandika hakuwahi kusikia habari zako. Kwaiyo nikakaa upande wa risiti, nikajiuliza risiti inataka nini kutoka kwa mzani. Nikaandika:

type Mzani interface {
    Soma() (Gramu, error)
}

Basi. Soma, nipe gramu, au niambie kuna kosa. Ndo jibu la meneja hilo. Umeulizwa kilo, jibu kilo. Kebo, sifuri, nukta, ST na GS zote zikaenda kuishi kwenye faili moja upande wa pili. Nikaweka gramu, namba kamili, kwa sababu nilishachoka na pointi.

Nikatengeneza mizani mitatu nyuma ya hiyo intafesi. Wa kwanza wa kidijitali. Wa pili wa rula, yani kebo ikikatika karani anapima kwa mzani wa rula alafu anaandika namba kwa mkono. Wa tatu ni wa kujaribia nyumbani, unatoa namba nilizoziandika mwenyewe, maana zamani nikitaka kujaribu kitu ilibidi nisafiri mpaka kijijini au nimuombe mke wangu asimame na mfuko wa mchele. Huo wa tatu nikaupa jina mzaniWaUongo.

Siku naonyesha mfumo mpya, meneja kakaa pembeni na miwani yake anaangalia skrini, watu wa bodi ya chama wapo. Akasoma kwa sauti. "Mzani wa uongo."

Kimya.

"Kijana, una mzani wa uongo humo ndani?"

Jamani. Hilo neno usiliseme kwenye ghala la korosho. Nilieleza dakika kumi na bado mzee mmoja alikua ananiangalia kama nimekamatwa na bakuli la kangomba. Sasa hivi unaitwa mzaniWaMazoezi.

Msimu huo ukaenda vizuri wiki tatu. Alafu akaja bibi mmoja na gunia tatu. Kapimiwa, kapewa risiti, kaisoma, hakuondoka. Nilikuwepo siku hiyo. Nikamwamkia shikamoo bibi, akaitika marahaba, akasema, "Mjukuu wangu, wiki iliyopita nilileta gunia tatu nimezijaza kwa ndoo hiihii, kila moja ndoo idadi ileile. Leo nimejaza vilevile. Kilo tatu zimekwenda wapi?"

Kilo tatu, gunia tatu. Kilo moja kila gunia. Gunia tupu la juti lina uzito wa kama kilo moja, na programu yangu ilikua inatoa kilo moja kila kipimo ili ibaki korosho tupu. Kumbe karani mpya alikua mtu makini, kila asubuhi anaweka gunia tupu juu ya mzani anabonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, ili mzani wenyewe uondoe uzito wa gunia. Kwaiyo gunia limetolewa mara mbili, mara moja na yeye, mara moja na mimi. Na mzani ulikua unasema! Badala ya GS ulikua unaandika NT, yani uzito halisi. Herufi mbili. Mi nilikua nazitupa, nachukua namba tu.

Intafesi ilikua nzima. Kompaila haikulalamika, gramu ziliombwa, gramu zikaja. Lakini gramu za nini? Hapo ndo nilielewa kwamba tangazo la fankisheni linasema umbo la jibu, halisemi maana yake. Barbara Liskov, yule mama wa chuo cha MIT kule Marekani aliyeongoza lugha ya CLU miaka ya 1970 na kupata tuzo ya Turing ya 2008, tuzo kubwa ya watu wa kompyuta, alilifanyia kazi sana hili: kitu kinachochukua nafasi ya kingine hakitakiwi kufanana umbo tu, kinatakiwa kiwe na tabia ambayo mtumiaji alikua anaitegemea. Mizani yangu ilifanana umbo.

Tulikaa na karani siku mbili tunapitia risiti zote tangu aanze kazi, kila mtu akarudishiwa kilo zake kabla ya mnada. Bibi alirudishiwa wa kwanza. Alafu nikabadilisha Gramu ikawa UzitoHalisi, aina yake yenyewe, na nikahamisha ile hesabu ya gunia kutoka upande wa risiti kwenda nyuma ya ukuta. Risiti haitoi tena kitu. Kila mzani unawajibika kuleta korosho tupu, ukiona GS toa gunia, ukiona NT acha. Ukijaribu kupitisha gramu za kawaida mahali panapotaka UzitoHalisi kompaila inakataa, lazima ubadilishe kwa mkono, na ukibadilisha kwa mkono angalau umejua unachofanya.

Baada ya hapo nikaugua ugonjwa wa pili ambao nadhani kila mtu huupata. Nikaweka intafesi kila mahali. Mkulima intafesi, tarehe intafesi, jina la kijiji intafesi. Dogo aliyekuja kufanya mafunzo kwangu akakaa wiki nzima anabonyeza "nipeleke kwenye kodi yenyewe" anapelekwa kwenye tangazo, anabonyeza tena anapelekwa kwenye tangazo lingine. Akaniuliza, "Bro, hii programu inafanya kazi wapi?" Zilikua 21 na nyingi zina utekelezaji mmoja tu na hazitakuja kupata wa pili. Nikazifuta, nikabakiza mzani, printa, ujumbe wa simu, na makato, kwa sababu ushuru na tozo hizo unaweza kukuta zimebadilika kila msimu. Jina la kijiji halibadiliki kila msimu.

Na intafesi ikishatoka nje kuirudisha ni shughuli. Wenye Java walitaka kuongeza fankisheni mpya kwenye intafesi za makusanyo yao, wakakuta wakiongeza hata moja kila mtu duniani aliyeitekeleza kodi yake inavunjika. Ndo maana kwenye Java 8, Machi 2014, wakaruhusu intafesi ibebe kodi ya akiba ndani yake. Yani tangazo likaanza kuwa na utumbo kidogo. Watu wengine walikasirika, mi sioni walikua na njia gani nyingine.

Kuna kitu kingine ambacho huyu dogo ndo alinifungua macho. Ripoti ya zamani ya Python ilikua inatoa majina ya wakulima kwa mpangilio wa walivyopima. Ya Go ikawa kila ukiichapa majina yamechanganyika tofauti, karani analalamika. Dogo akasema programu ina mapepo. Kumbe Go inafanya makusudi: ukipita kwenye map, yani orodha ambayo kila jina lina thamani yake, inakuzungushia mpangilio ovyo kila mara, ili usije ukategemea kitu ambacho hawakukuahidi. Python walikwenda njia nyingine. Toleo la 3.6 mpangilio wa kamusi zao (map ya kwao hiyo) ulikaa sawa kwa bahati tu, kwa sababu ya namna mpya ya kuhifadhi, wakasema huo ni utumbo msiutegemee. Watu wakautegemea. Toleo la 3.7, mwaka 2018, ikawa ahadi rasmi ya lugha. Mmoja kafunga mlango kwa komeo, mwingine kaona watu wameshaingia sebuleni, akawaletea viti. Siku zote namuonea huruma yule wa pili, ila ukiniuliza nani yuko sahihi, mi kwa kitu chenye hela za watu nachagua komeo. Nikapanga majina kwa wazi, mstari mmoja, mapepo yakaisha.

Msimu uliopita mzani ukafa tena, vumbi limeingia. Wakaleta mwingine, huu hauna kebo kabisa, unatumia Bluetooth. Sikwenda. Nilimtuma dogo, akaandika faili moja, mistari kama sitini, saa tano asubuhi akanipigia tayari. Meneja akachukua simu akaniuliza kilo ngapi zimeingia asubuhi, nikamsomea. Hakuuliza kitu kingine.

Ila jioni dogo akanipigia tena. Huu mzani mpya unatuma namba tu. Hauna GS wala NT. Karani akibonyeza kile kitufe au asipobonyeza, maandishi yanakuja vilevile. UzitoHalisi utaupataje hapo? Tulizungumza karibu saa nzima, tukafikiria kubahatisha kutokana na uzito wa gunia lililojaa, tukaacha, maana kuna wanaoleta nusu gunia. Mwisho nikamwambia atafute plasta nyeupe kwenye duka la dawa pale senta, akate kipande, aandike kwa kalamu ya wino mzito USIBONYEZE HAPA, abandike juu ya kitufe.

Imekaa mpaka Disemba. Juzi karani kanitumia picha kwenye WhatsApp, ncha moja imeanza kubanduka kwa vumbi, anauliza aweke mpya au aache.